Mdudu wa Mluzi

Mteja wangu mmoja wa Bariadi, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliniuliza siku moja kwa nini nina alama nyeusi kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nampima mabega, mdomo umejaa pini kama kawaida yetu mafundi cherehani, na nilipozitoa ili niongee akaiona. Nikamwambia niling'atwa na mdudu. Akacheka. Nikamwambia niling'atwa kwa hiari yangu, nikiwa mtu mzima, na aliyemshika mdudu ni baba yangu mzazi. Hapo akaacha kucheka, akaomba nimalize vipimo.

Simlaumu. Mdudu mwenyewe ukimwona hutamdhania lolote. Ni mdogo, analingana na punje ya harage. Mgongo wake ni mweusi wenye ukijani kwa mbali, laini kabisa, na pembeni ana mstari wa njano uliotembea sawasawa kama pindo la mtu anayeijua kazi yake. Miguu ya nyuma ina nywele, hiyo ndiyo makasia yake. Anaishi kwenye lambo, yale mabwawa tunayochimbia mifugo kule Meatu, na hewa anaibeba mwenyewe. Anapanda juu, anatokeza matako nje ya maji, anavuta hewa chini ya mabawa, kisha anazama na kipovu kinachong'aa nyuma yake. Vitabu vya shule vinamwita mbawakawa wa majini. Sisi wa kijiji cha Kimali tulimwita mdudu wa mluzi.

Nilimwogopa kabla sijajua habari za mluzi. Nikiwa mtoto nilizoea kuchuchumaa ukingoni mwa lambo wakati mayu, yaani mama yangu, anajaza ndoo. Nilikuwa natazama viluwiluwi. Kiluwiluwi anaogelea zake, mara anatulia. Hapapatiki. Ukiinama vizuri unaona mtoto wa mdudu yule, mwembamba, rangi ya tope, amemshika kwa meno mawili yaliyopinda, na wala hamtafuni. Anamnyonya. Anammaliza kwa ndani taratibu, mpaka inabaki ngozi tupu yenye umbo lilelile na macho yaleyale, inaelea. Siku za joto ngozi hizo zilijaa ukingoni, na upepo ukivuma zilikuwa zinatikisika kama zingali hai. Mayu alizisogeza kwa mkono, akachota.

Wavulana wa kwetu walijifunza mluzi kwa mdudu huyo. Mvulana akifikia umri wa kuchunga, wenzake wanamkamatia mmoja, yeye anatoa ulimi, wanamweka pale kwenye ncha. Mdudu anang'ata. Mvulana analia, ulimi unavimba, na uvimbe ukianza kwisha mluzi unakuja. Usiniulize unakujaje. Walisema mdudu anakuachia hewa yake, ile aliyoibeba chini ya mabawa. Leo nadhani ni kwa sababu ulimi uliovimba hauna pa kwenda, basi unajikunja pale unapotakiwa. Lakini utotoni niliamini kabisa habari ya hewa, na nilikuwa nalala nikijiuliza hewa ile mdudu ameitoa kwa nani.

Sisi wasichana tulikatazwa. Mayu alisema msichana akipiga mluzi anaita, na hajui anaita nini. Nilipomdadisi zaidi alinipiga mwiko wa mgongo, nikaelewa kwamba mjadala umefungwa.

Kila mchungaji ana mluzi wake, na ng'ombe waliouzoea tangu ndama hawaitiki mwingine. Wa baba ulianza chini, ukapanda polepole, kisha ukakatika ghafla kule juu, kama vile mtu amemziba mdomo kwa nyuma. Niliuchukia ule mkatiko. Kila jioni nilikuwa nausubiri huku nimekaza meno. Baba alisimama kwenye lango la uzio wetu wa minyaa, akapiga mara moja tu, na kule lambo ng'ombe wakainua vichwa, wakaanza kuja. Hakuwafuata hata siku moja. Wala hakula hata siku moja kabla hawajaingia zizini. Iwe mvua, iwe msiba, iwe Krismasi, ugali ungepoa na mayu angenuna, yeye anasubiri ng'ombe wa mwisho apite langoni ndipo anawe mikono.

Kiharusi kilimkuta humo humo zizini, asubuhi, akikamua. Hospitali walifanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani akitembea kwa fimbo, mguu wa kulia akiuburuta. Uso wake ulikuwa umegawanyika. Nusu ilikuwa baba, nusu ilikuwa ya mtu mwingine ambaye hatukumjua. Maneno yalimtoka moja moja, kwa shida. Na mluzi ulikuwa umekwenda. Alikusanya midomo, upande mmoja ukatii, mwingine ukalala tu, ikatoka hewa na mate.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi Bariadi kwenye cherehani yangu, nikijidanganya kwamba mambo yatakaa sawa. Mayu akapiga simu nikiwa nimezungukwa na sare za shule.

"Ng'wanone, mwanangu, njoo," alisema. "Baba yako hataki kula."

"Hataki au hawezi?"

"Anaweza. Ng'ombe hawarudi. Anasema hali mpaka warudi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia baba kwa ukaidi wake, nikawakasirikia ng'ombe, nikamkasirikia na kaka yangu aliyehamia Kalemela kuvua samaki na kuisahau harufu ya zizi. Kumbe huyo maskini alikuwa ameshakuja na kuondoka. Alikuwa amesimama langoni akapiga mluzi wake mpaka midomo ikamkauka, na hakuna ng'ombe aliyegeuza hata sikio.

Nilifika Kimali alasiri. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, ameelekea lambo. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Nilimshonea mimi lile shati, nilijua vipimo vyake, na nilipoliona linavyomning'inia mabegani moyo ulinipasuka.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

"Mwadila," akajibu kwa upande wake mmoja, bila kuacha kutazama lambo.

Mayu alinieleza yote jikoni. Jirani yetu alikuwa amejitolea kuchunga. Asubuhi ng'ombe walitoka vizuri tu. Jioni waliingia majini, wakasimama. Akiwapiga, wanasogea kwenye kina zaidi. Ilibidi aite wanaume wenzake na mbwa ili kuwatoa, na bado wengine walibaki huko mpaka giza. Ndama mmoja alikuwa ameliwa na fisi. Mayu alijaribu kumdanganya baba kwamba wote wameingia, lakini yeye alisikiliza kwato zikipita, akatikisa kichwa, akasukuma sahani. Aliishi kwa vikombe vya uji alivyolazimishwa asubuhi, na siku hizi hata uji alikuwa anauacha.

"Atakufa," mayu alisema, akiendelea kuchambua mlenda. "Atakufa akiwasubiri wale ng'ombe."

Nilikwenda lambo mwenyewe nikaone. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, maji yamerudi nyuma, tope la pembeni limepasuka. Ng'ombe wetu walikuwa ndani, maji yamefika magotini, wote wameelekea upande mmoja, ule wa nyumbani. Hawakunywa, hawakutafuna, mikia haikutikisika, na nzi walikuwepo wa kutosha. Jirani aliwarushia madongo. Yalitua mgongoni yakateleza. Katikati yao, majini, wale wadudu walikuwa wakipanda na kuzama, wanapanda na kuzama, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinajongea. Nikasikia ubaridi mgongoni, jua lote lile.

Basi mimi, mtu wa mjini, nikapata akili ya mjini. Kwenye simu yangu nilikuwa na video ya harusi ya kaka, na mwishoni kabisa baba anaonekana akisimama langoni na suti niliyomshonea, anapiga mluzi, wageni wanacheka. Nilikuwa nimekuja na spika ndogo ya kuchaji ninayosikilizia redio kazini. Kesho yake jioni nikaiweka juu ya kichuguu karibu na lambo, nikaunganisha simu, nikafungulia.

Mluzi wa baba ukatoka. Ukaanza chini, ukapanda, ukakatika.

Ng'ombe wote waliinua vichwa kwa pamoja. Kisha wakaja. Walikuja mbio, maji yakiruka, jirani akapiga makofi kwa furaha, na mimi nikaanza kucheka kwa nafuu. Walipofika kwenye kichuguu wakasimama. Wakakizunguka. Ng'ombe mkubwa, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, akasogeza pua akainusa spika. Nikafungulia tena, nikidhani nasaidia.

Kama umekaa na ng'ombe unajua kile kilio. Ng'ombe akichinjwa mahali, damu ikamwagika, wenzake wakipita baadaye wananusa ardhi, wanaipara kwa kwato, wanalia kwa sauti ambayo hawaitumii kwa jambo jingine. Ni kilio cha msiba. Basi walilia hivyo. Walilia wakikipara kile kichuguu, vumbi linapanda, macho yamewatoka, na hapakuwa na tone la damu pale, palikuwa na spika yangu tu. Kisha wakatawanyika kila mmoja njia yake. Jirani akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akawafuata.

Nilirudi nyumbani. Baba hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa nje ya lango, ameshatembea mwendo mrefu kwa mguu wake ule mbovu, anakuja.

"Nani?" akaniuliza.

"Ni simu, baba. Ni video ya harusi."

Alitikisa kichwa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nimejisikia," akasema. "Kule. Naita."

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hofu, kwa sababu hakuniuliza kama mtu aliyechanganyikiwa. Aliuliza kama mtu aliyepotelewa na kitu na sasa anaambiwa kimeonekana kwa wengine.

Asubuhi iliyofuata hakugusa uji. Alinyoosha kidole chake kizima kuelekea lambo, akasema neno moja.

"Mdudu."

Mayu alielewa kabla yangu. Akajishika kiuno, akasema huyu mzee sasa anarudi utotoni, akili nayo imeondoka na mdomo. Lakini alisema huku akinipa chujio la chai. Akatugeuzia mgongo, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Tulikwenda polepole mno. Nilimkalisha ukingoni, nikavua viatu, nikaingia na chujio. Kuwapata si kazi, wakipanda kuvuta hewa unawachota. Nikampata mmoja. Alikuwa akihangaika kwenye waya, kile kipovu chake kikapasuka. Baba akafungua mdomo, akaonyesha upande wake uliolala. Nilimshika mdudu kwa vidole viwili, nikamweka pale kwenye mdomo wa chini.

Aking'ata utajua, maana hatulii mpaka meno yameingia. Nilimwona anatulia. Damu ikatoka, tone, kisha jingine, ikateremka kidevuni. Baba alikuwa ananitazama machoni.

"Ameng'ata?" akauliza.

"Ameng'ata, baba."

"Sisikii."

Tukangoja. Alikuwa bado ananitazama, kama vile maumivu yatatokea kwangu kwanza, kisha yamfikie. Damu ilifika kwenye kola ya shati. Nikataka kumtoa mdudu, akanizuia mkono.

"Sisikii," akarudia. Na nusu ile ya uso iliyokuwa yake ikalia. Nusu nyingine ilikaa vilevile, mdudu akining'inia.

Halafu akamtoa mwenyewe. Akamshika kwa mkono wake mzuri, meno bado yana damu, akaninyooshea.

"Wewe."

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mwanamke, nilimwambia mayu atanitoa roho, nilimwambia mdudu atakuwa na vijidudu, niliongea sana. Alingoja niishiwe maneno. Alikuwa na subira ya mtu aliyechunga maisha yake yote.

"Toa ulimi," akasema.

Nikatoa. Mpaka leo sijui kwa nini, isipokuwa alikuwa baba, alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa nimemaliza akili zangu zote kwenye ile spika. Alimweka taratibu. Sindano ya cherehani imewahi kunipitia kwenye kidole mpaka ng'ambo, na ninakuambia hii ilikuwa kali kuliko ile. Nilisikia ladha ya tope, kisha chumvi ya damu, na sikuwa na uhakika ni damu ya nani kati yetu.

Ulimi ulivimba mpaka sikuweza kusema. Siku mbili tatu tulikuwa watu wawili wasioongea katika kaya ile, na mayu akizunguka katikati yetu na rozari yake, akisali kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida ili tusikie. Kila jioni baba alinichukua mpaka ukingoni mwa lambo, akanisimamisha, akajitenga kando na fimbo yake. Nilikusanya midomo. Ikatoka hewa. Ng'ombe walikuwa wamesimama majini vilevile, wametuelekea. Jirani na wenzake wakaja na mbwa, tukarudi nyumbani, ugali ukapelekwa kwa kuku.

Jioni mluzi ulipotokea, sikuwa hata nimejiandaa. Uvimbe ulikuwa umepungua, nilikuwa nawaza sare za watu nilizoziacha Bariadi. Nilikuwa nimeamua kwamba ukija nitatunga wa kwangu, mfupi, wa kike, usio na ule mkatiko. Nikakunja ulimi pale ulipokuwa unataka kukaa. Ukaanza chini. Ukapanda. Nilitaka kuuteremsha, haki ya Mungu nilitaka, lakini haukuwa wa kuongozwa. Ulipanda mpaka juu kabisa, na pale juu nikasikia pumzi yangu inazuiwa, ukakatika.

Ulikuwa wa baba. Haukufanana nao tu, ulikuwa wenyewe. Nywele zilinisimama mikononi na nikajiziba mdomo kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe.

Ng'ombe wakaanza kutoka majini. Hawakukimbia kama walivyokimbilia spika. Walikuja kwa mwendo wao wa siku zote, mmoja nyuma ya mwingine, yule mwekundu mbele. Baba alikuwa amesimama kwenye njia yao, kati ya lambo na mimi. Niliona amenyoosha mkono wake mzuri, kiganja wazi, kama alivyozoea kumngoja yule mwekundu amlambe. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa atawapata, sasa tutakula.

Yule mwekundu alipomfikia akapinda kidogo, akampita. Wa pili akampita. Wote walimpita, wakigawanyika kulia na kushoto bila kumgusa, bila kumnusa, wakakutana tena mbele yake na kuendelea kuja, mpaka wakanizunguka mimi. Nilihisi pumzi zao kwenye mikono. Yule mwekundu akaulamba mkono wangu wenye harufu ya mafuta ya cherehani. Baba alibaki na mkono wake hewani. Aliuangalia kidogo, kisha akaushusha.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitikisia kichwa kwamba niende, nisiwasimamishe njiani. Nikatembea, wakanifuata, na yeye akaja nyuma yao, nyuma kabisa, kwato zikimwachia vumbi. Nilipita langoni. Mayu alikuwa ameanguka magoti uani akimshukuru Mungu. Ng'ombe wakaingia zizini wenyewe, nikaweka miti ya kufungia, nikageuka kumtafuta baba tukale.

Alikuwa amesimama nje ya lango. Lango lilikuwa wazi. Amevua kofia, ameishika kifuani pamoja na fimbo.

"Hodi," akasema.

Mayu akacheka, akasema, "Mzee huyu na utani wake, hata ugonjwa haukumweza!" Akaingia jikoni kupakua.

Mimi nilimwona usoni. Pande zote mbili zilikuwa zimetulia sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu augue, na hakukuwa na utani hata upande mmoja. Alikuwa ananitazama kwa adabu, kama tunavyomtazama mwenye kaya tusiyemjua vizuri, tukisubiri neno lake. Nikamwambia, "Baba, ingia, bwana." Hakuingia. Nikamfuata nimshike mkono, akarudi nyuma hatua moja. Harufu ya ugali ilikuwa imeshafika uani, na nilimwona anameza mate.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Nilijua nikilisema lile neno sitaweza kulirudisha. Nilijua pia kwamba bila hilo hatakula.

"Karibu, baba," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaingia, akauliza aketi wapi. Nikamwonyesha. Akanawa mikono, akala mpaka akamaliza, kisha akanishukuru.